Mahali Ambapo Hakuna Aliyewahi Kupanda

Nyuma ya stendi hapa Eldoret kuna fundi anayechaji betri za magari. Kila nikipita pale na furushi langu la sweta za shule, harufu ya asidi inanishika puani, harufu ya yai viza, nami nasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Fundi anadhani nina shida. "Sista, ingia basi, betri haziumi." Nacheka, nampungia mkono, naenda zangu. Ningemwambia nini? Kwamba nikifunga macho pale mlangoni kwake nasikia viboko wakikohoa majini?

Nyinyi mliozaliwa wakati wetu, ambao meno yenu ya utoto yaling'oka pamoja na bendera ya mkoloni, mnakumbuka kwamba siku zile habari ilikuwa moja tu. Shamba. Watu wazima walikutana njiani na hawakuulizana habari ya watoto wala ya ng'ombe. "Umepata?" "Bado. Wewe?" "Tunaambiwa tungoje." Mimi nilidhani shamba ni kitu kinachopotea kama mbuzi, na kila mtu yuko nje anatafuta lake.

Baba yangu hakuwa akitafuta. Alikuwa dereva wa trekta wa mzungu mmoja upande wa Cheptiret, na mzungu huyo alikuwa amemwambia kwa mdomo wake kwamba akiondoka atamwachia kona ya chini, pale karibu na mto. Kwa hiyo wenzake walipokuwa wakiungana kununua, Baba alikaa juu ya trekta akipiga mbinja. Asubuhi moja mzungu akaondoka. Mbwa wake wawili walipata nafasi ndani ya gari. Baba alipata koti.

Walionunua walikuwa watu wetu, wa lugha yetu, na nadhani hilo ndilo lililomchoma Baba zaidi. Mwenyekiti wao alikuja mpaka kambi ya wafanyakazi, akavua kofia, akaongea kwa upole. "Hatumfukuzi mtu. Lakini mahindi yetu yakifika magotini, tutataka hapa pawe shamba kama kwingine. Mjipange." Halafu akaongeza jambo ambalo kila mtu alilishika: nyumba isiyotoa moshi itahesabiwa kuwa imeachwa, na itavunjwa siku hiyo hiyo.

Ndipo Baba akamkumbuka Mzee Lekesio.

Mzee Lekesio alikuwa amechunga ng'ombe wa mzungu kwa miaka mingi, mtu mrefu, mkavu, mwenye masikio yaliyotobolewa mpaka mimi ningepitisha kidole gumba. Kwao ni kisiwani, katikati ya ziwa la Baringo. Siku aliyoacha kazi kurudi kwao alimshika Baba mkono muda mrefu, akamwambia, "Siku moja uje nyumbani. Kule kwetu hakuna mzungu, hakuna waya." Nikiangalia sasa, yale yalikuwa maneno ya rafiki anayekaribisha rafiki. Lakini mwaka ule Baba alikuwa na shamba masikioni. Alisikia kwamba amepewa ardhi.

"Naenda kupanda," akamwambia Mama. "Nikiona yameota tu, nakuja kukuchukua. Wewe kazi yako ni moshi."

Mama alikuwa mjamzito, tumbo limefika pale ambapo hata kuinama kuwasha moto ni safari. Akamwangalia Baba, akaangalia gunia dogo la mbegu. "Nani atakupikia?"

"Cherono."

Cherono ndiye mimi. Nilikuwa na kama miaka minane, na nilifurahi mpaka nikasahau kumuaga Mama vizuri. Hilo bado linaniuma.

Tulipanda lori la Msomali mmoja aliyekuwa akipeleka chumvi na kurudi na ngozi. Tuliteremka Tambach masikio yakiziba, tukavuka bonde, tukapanda milima mingine, tukateremka tena, na kila tulipoteremka nilivua nguo moja. Tulipofika ziwani nilikuwa nimebaki na shimizi, sweta mbili nimezifunga kiunoni kama mtu anayehama. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Katikati yake kilikaa kisiwa, cheusi, kinafuka.

"Baba, kinaungua!"

"Hakiungui. Wanapika."

Nikaamini. Nikajiambia, kama wanapika sana hivyo, hatutalala njaa.

Mtumbwi uliokuja kutuchukua ulikuwa wa magogo mepesi yaliyofungwa pamoja, mepesi hivi kwamba mtu mmoja anaweza kubeba mtumbwi mzima begani. Maji yalipita katikati ya magogo yakatulowesha matako. Mbele yetu mtumbwi mwingine ulibeba mbuzi watatu, wametulia, wanaangalia huku na huku kama akina mama wanaokwenda kanisani. Na aliyekaa nyuma yangu, akipiga maji kwa vibao viwili vidogo mikononi, alikuwa mjukuu wa Mzee Lekesio, msichana wa umri wangu anayeitwa Nasieku. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, na changu pia, kwa hiyo tulielewana sana.

"Hiyo ni nini?" nikamwuliza. Kitu kama gogo kilikuwa kimelala juu ya maji, na gogo lile lilikuwa na macho.

"Mamba. Usiogope. Hii mamba yetu iko shiba samaki, haikuli sisi."

"Na mimi?"

Akanipima na macho. "Wewe haijui. Kaa karibu na mimi."

Kisiwa kile, jamani, sijaona mahali pengine kama pale. Mawe meusi yenye matundu kama mkate, mepesi mkononi, makali chini ya unyayo. Kenge wamelala juu yake wakiota jua. Tai wa samaki, kichwa cheupe, analia kwenye mti mkavu mpaka unadhani amefiwa. Na kwenye ukingo mmoja maji yalitoka ardhini yakichemka, blub, blub, blub, bila kuni, bila mtu, na harufu ile ya yai. Akina mama waliosha nguo kwa maji yale wakichanganya na ya ziwa. Nasieku alifunga samaki kwa kamba akamtumbukiza kwenye shimo, tukaimba nyimbo mbili, akamtoa ameiva. Nilimwuliza Mzee Lekesio nani anawasha.

"Chini kuna moto wa zamani," akasema. "Kisiwa chote kilitoka kwa huo moto. Ulikataa kufa."

Aliniambia pia kwamba babu zake walivuka maji na ng'ombe wao wakikimbia watu waliokuwa wakiwavamia, ng'ombe wakaogelea, watoto wakashikilia mikia. Ng'ambo, kwenye nchi kavu, waliwahi kuwa na mashamba ya mtama na wimbi, na mifereji ya maji iliyochimbwa kwa mikono, na wasafiri wa misafara walikuja kununua nafaka kwao. "Huko," akasema akionyesha ng'ambo na kidevu. Mimi niliangalia kidevu tu, nikaona ni kirefu. Baba alikuwa ananoa jembe.

Kesho yake Baba alizunguka kisiwa chote. Karibu kila mahali jembe liligonga mwamba. Mahali pamoja tu, nyuma ya yale maji yanayochemka, palikuwa na udongo wa kutosha, mwekundu kwa mweusi, laini, na unyevunyevu wa mvuke. Baba alipiga goti, akauchota, akaunusa. Kisha akaniita.

"Weka mkono hapa."

"Una joto, Baba."

"Joto kama nini?"

Nikafikiri. "Kama chini ya kuku anayelalia mayai."

Baba alicheka mpaka akafuta macho. Na ninyi watu wa Uasin Gishu mtamwelewa, wengine hawawezi. Kwetu adui wa mahindi ni baridi. Tunapanda na mvua ya kwanza, na mahindi yanakaa shambani miezi minane, tisa, yanatetemeka kama sisi. Mtu wa kwetu akigusa udongo wenye joto, moyo wake unafanya hesabu peke yake. Baba aliona mavuno mara mbili kwa mwaka. Alimwita Mzee Lekesio.

"Hapa ni pa nani?"

Mzee Lekesio akaangalia mahali pale, akamwangalia Baba. "Rafiki, hapo hakuna mtu amewahi kupanda."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja. Tangu babu."

Baba akamshika mkono kwa nguvu, akamshukuru. Mzee Lekesio hakusema neno lingine. Baadaye, nikiwa mtu mzima, nilielezwa kwamba kwao mgeni huambiwa mara moja. Ukimrudia mara ya pili umemwita mtoto mbele ya watu.

Ni Nasieku tu aliyesema, akiwa amekaa juu ya jiwe anakula kichwa cha samaki. "Baba yako anapanda ama anapika?"

"Anapanda! Mjinga wewe."

"Haya."

Tulipanda siku mbili, mistari imenyooka kama ya trekta. Kila shimo mbegu mbili, funika, kanyaga kidogo. Na Baba alinikumbusha mwiko wa kwao, ambao alifundishwa na baba yake: mbegu ikishafunikwa haifunuliwi. Ni kama kumfunua mtu anayeoga. Ukiifunua inaona aibu, haitoki tena. Tungoje kama wiki mbili, akasema, kama nyumbani.

Siku ya tano nilifunua.

Sikuwa na ubaya. Njaa ilikuwepo, kwa maana tulikuwa wageni wa watu wasio na vingi, na Baba aliona aibu kupokea samaki kila siku. Lakini zaidi nilitaka kuona kifaranga kikitoka. Nilichokora kwa kidole mwisho wa mstari. Punje zilikuwa zimevimba, ngozi imepasuka, laini. Nikaweka moja mdomoni. Ilikuwa imeiva. Imeiva kama ya githeri, haina tu chumvi. Nikala saba. Nikafunika mashimo.

Sasa sikilizeni nilivyofikiri, maana nimelifikiria jambo hili kuliko sala zangu. Nilifikiri ni kama viazi. Viazi vina majani juu na chakula chini. Nikaona kwamba kwenye kisiwa hiki mahindi yatatoa majani juu kama kawaida, na huku chini ardhi inakupikia. Nikamwona Mama akifika na mtoto mgongoni, anachota chakula kilichoiva kutoka ardhini, hatafuti kuni tena, hainamii moto tena. Nikasema nitamwambia Baba siku yakiota, iwe furaha mara mbili. Nikimwambia sasa atanichapa kwa kuvunja mwiko. Nikaendelea kula, punje chache kila siku, nikishukuru Mungu wa mahali pale.

Wiki mbili zikapita. Hakuna jani. Baba alitembea kwenye mistari mikono nyuma, mpaka akafika mwisho pale nilipokuwa nikichokora. Akachuchumaa. Vishimo vya kidole changu vilikuwa pale, vidogo, safi.

"Ni kanga," akasema. Kanga wale ndege, kweli walikuwepo wengi kisiwani. "Angalia. Wamechokora wakala zote. Shenzi."

Nilisimama nyuma yake. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Lakini Baba alikuwa ameinua uso na uso wake ulikuwa umepata nafuu, nawaambia kweli, kama mtu aliyejua ugonjwa wake. Kanga ni kitu unaweza kukifukuza. Nikanyamaza.

Alipanda mara ya pili, karibu mbegu zote zilizobaki, akazididimiza chini zaidi ili kanga wasizifikie. Chini zaidi ndiko kulikokuwa na moto zaidi. Zilizobakia konzi moja alizitia mstari mmoja ufukweni, kwenye tope, kwa kuona uchungu kuzitupa. Nami nikapewa bati na fimbo, kazi yangu kupiga kelele kufukuza kanga. Wiki mbili nyingine nilipiga bati. Nasieku alikuja akapiga pamoja nami, akidhani ni mchezo wa kwetu.

Wiki hizo zikiisha, mstari wa ufukweni ukaota. Miche mibichi, imesimama kama watoto wa shule kwenye gwaride. Baba alipiga kelele mpaka akina mama wakatoka kuangalia. Aliruka juu, mtu mzima yule, na lile koti la mzungu. "Mmeona! Mmeona!" Jioni alinituma niombe wembe kwa Mzee Lekesio, akanyoa ndevu. Alisema kesho kutwa anatafuta mtumbwi wa kwenda kumleta Mama.

Asubuhi hakukuwa na mstari. Kulikuwa na nyayo, kubwa kama mabeseni, zimejaa maji ya rangi ya chai, na kinyesi kimetawanywa kwenye mawe. Kiboko mmoja alikuwa bado karibu, masikio tu juu ya maji, yanazungukazunguka. Baba alitembea moja kwa moja mpaka kwenye shamba la juu, akapiga magoti, akavunja mwiko wa baba yake kwa mikono miwili. Akachimba shimo la kwanza, la pili, la tatu. Akatoa uji. Ulikuwa uji, punje za mara ya pili zilikuwa zimeyeyuka kabisa. Vidole vyake viliungua, akaendelea.

Mzee Lekesio alikuja akachuchumaa kando yake. Akamshika mkono akauondoa kwenye udongo, kama unavyomwondoa mtoto jikoni.

"Sisi hatukuja hapa kulima, rafiki yangu," akasema. "Tulikuja kujificha. Hiki kisiwa kinajua kukuficha. Kukulisha, hakijui."

Tulirudi kwa lori la ngozi, tukanuka ngozi mpaka Eldoret. Kutoka mjini tulitembea. Mashamba ya pande zote mbili yalikuwa ya kijani, na nikaona Baba anaangalia mahindi ya watu, anayapima na magoti yake, halafu anaongeza mwendo. Yalikuwa yamepita magoti.

Kambi haikuwepo. Palikuwa pamelimwa. Mama tulimkuta kando ya barabara kuu, pamoja na jirani mmoja, chini ya turubai lililofungwa kwenye miti ya ua. Tumbo lake lilikuwa limeisha. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Jirani ndiye aliyesema, kwa sababu Mama hakuweza. Uchungu ulimshika kabla ya wakati. Siku mbili hakuweza kuinuka kuongeza kuni, na jirani mwenyewe alikuwa amekwenda Plateau hospitalini na mtoto wake. Moshi ukakatika. Vijana wa kuvunja walipofika walimkuta ndani, wakaona haya, wakamtoa taratibu pamoja na godoro na mtoto. Halafu wakavunja. Walikuwa wametumwa. Mvua ilinyesha. Mtoto alikuwa wa kiume, alikaa siku tatu.

"Umemlaza wapi?" Baba akauliza.

Mama akaonyesha ng'ambo ya ua mpya wa waya, kwenye shamba. "Pale ilipokuwa nyumba. Upande wa mlango. Nilifikiri hapo tu ndipo naweza kusema ni petu." Kisha akasema, "Trekta ilipita juma lililofuata. Dereva mpya hakujua."

Mahindi pale yalikuwa yameota vizuri sana, yote kwa usawa, hata huwezi kujua ni wapi.

Tuliishi barabarani mvua ile yote na nyingine. Baba alipata vibarua, na watu walipomwuliza habari za safari yake aliwapa kichekesho: yeye ndiye mkulima wa kwanza duniani aliyepanda ndani ya sufuria. Watu walicheka. Alipofika kwenye kanga nilitoka nje. Siku moja alasiri, alikuwa amemsimulia mpita njia, naye akaondoka anacheka, nami sikutoka. Nikamwambia hakukuwa na kanga. Nikamwambia kila kitu, siku ya tano, vishimo, zile punje, na kwamba kama ningesema tungekuwa nyumbani zaidi ya wiki tatu mapema.

Baba aliangalia viganja vyake.

"Zilikuwa zimeiva vizuri?" akauliza.

"Ndiyo, Baba."

"Hazikuwa mbichi ndani?"

"Hapana. Ziliiva."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi ulikuwa unakula. Mimi siku zile nilikuwa silali, nafikiri mtoto wangu ana njaa."

Mama alikuwa nyuma yetu, amepiga magoti motoni, anakoroga uji. Nilisikia mwiko ukisimama. Gari moja likapita barabarani, likafuatwa na lingine, na mwiko bado umesimama. Kisha ukaanza kukoroga tena.